Kuhama na Sungura wa Ndani: Mafunzo Niliyopata Kuhusu Choo Chake

Mpangaji wa Dar es Salaam hazoei nyumba. Kodi ya miezi sita ikikaribia kuisha, mwenye nyumba anapandisha bei, au anakwambia mwanawe anarudi kuishi hapo, nawe unaanza kumtafuta dalali. Kwa makochi, friji na magodoro, kirikuu kinatosha. Ukiwa na sungura anayeishi ndani, kuna jambo jingine la kupanga, nalo ni choo chake.

Sungura wetu anaitwa Kashata, jike mweupe mwenye madoa ya kahawia. Tulihama naye kutoka Sinza kwenda Kimara, na mume wangu alipohamishiwa Dodoma kikazi, Kashata naye akahamia huko. Likizo za shule hufuatana na watoto kwa bibi yao Morogoro. Kila nyumba imetufundisha kitu kuhusu jinsi mnyama huyu anavyochagua pa kujisaidia. Haya ndiyo niliyoyashika.

1. Sungura hushika mahali, hashiki amri

Watu wakisikia Kashata anatumia beseni, hudhani tulimfundisha kwa amri na zawadi kama mbwa. Sivyo ilivyo. Sungura wa kufugwa asili yake ni sungura mwitu wa Hispania na Ureno, ambao huishi kwa makundi katika mashimo wanayochimba wenyewe. Hao wana sehemu maalumu za kurundika vinyesi, na harufu ya hapo huwaambia wageni kwamba eneo lina wenyewe. Sungura wa vichaka vyetu, anayelala juu ya ardhi kwenye majani, ni wa aina nyingine na maisha yake ni mengine.

Kwa hiyo kutafuta choo kimoja ni tabia ambayo sungura wa ndani amezaliwa nayo. Kazi yako ni kuona anaelekea wapi, kisha uweke beseni hapo. Kule Sinza, Kashata alikuwa na kona yake nyuma ya mlango wa stoo: ukuta pande mbili, giza kidogo, na harufu yake mwenyewe. Siku tuliyohama, kona ilibaki. Sungura akikojoa katikati ya sebule mpya, watu husema amesahau adabu. Hajasahau kitu. Alichokuwa anakijua amekiachia mpangaji mwingine.

2. Choo kitangulie, sungura afuate

Wakati wa kuhama kila mtu hushikwa na hamu ya kuosha. Osha masufuria, osha mapazia, lakini beseni la sungura liache. Siku mbili tatu kabla ya safari, punguza kulisafisha. Toa majani ya kutandikia yaliyolowa sana, bakiza kiasi yenye mkojo pamoja na vinyesi, uyatie kwenye ndoo yenye mfuniko. Ndoo hiyo ina thamani kuliko beseni jipya lolote utakalonunua kwa heshima ya nyumba mpya.

Tulipofika Dodoma, kitanda na jiko vilikuwa bado juu ya gari wakati mume wangu alipoingia na beseni letu la bluu lililochakaa. Aliliweka kwenye kona ya chumba kidogo cha nyuma, akatandika gazeti, akamwaga yaliyokuwa kwenye ndoo, juu yake akaweka majani makavu mapya. Vijana wa kushusha mizigo walisimama wakimtazama.

"Kaka, sasa huo si uchafu?" mmoja akauliza.

"Ndio wenyewe unaotakiwa," akamjibu.

Kisha tukamfungulia Kashata. Alijinyoosha, masikio mbele, akapita kandokando ya ukuta akinusa sakafu. Alipofika kwenye beseni aliweka miguu ya mbele ndani akatulia hivyo, nusu ndani nusu nje, pua ikicheza. Halafu akapanda mzima, akageuka mpaka makalio yakaelekea kona, akainua mkia kidogo. Sungura akiinua mkia namna hiyo, ujue anakojoa. Ndivyo alivyoihamia Dodoma.

3. Joto la njiani huharibu kazi ya nyumbani

Sungura hatoki jasho. Joto la mwili hulipunguza zaidi kupitia masikio yake, yenye mishipa mingi ya damu karibu na ngozi. Hewa ikifika nyuzi 30 hivi, anaanza kuwa hatarini, na ndani ya gari lililoegeshwa juani joto hupita hapo upesi sana. Ndiyo maana kwa safari ndefu tunaondoka alfajiri, na Kashata anakaa kiti cha nyuma, kamwe si kwenye buti. Tunamweka ndani ya tenga lenye kupitisha hewa, chini taulo kuukuu, kando chupa ya maji ya barafu iliyofungwa kwenye kanga. Akitaka kupoa anaiegemea mwenyewe.

Usimshindishe njaa ukidhani atatapika njiani. Sungura hawezi kutapika, na utumbo wake unatakiwa uwe kazini muda wote. Mpe majani makavu na mchicha wenye majimaji. Wakati wa kumbeba, mkono mmoja upite chini ya kifua, mwingine ushike makalio. Masikio si mpini wa kumnyanyulia. Miguu yake ya nyuma ina nguvu nyingi kuliko uti wake wa mgongo, hivyo akirusha teke akiwa ananing'inia anaweza kujivunja mwenyewe.

Haya yote yanahusu choo pia. Mnyama aliyefika hoi kwa joto na hofu hatazunguka nyumba akitafuta beseni. Atajibana alipo, na hapohapo ndipo atakapojisaidia.

4. Anza na chumba kimoja, nyumba nzima itakuja yenyewe

Nyumba mpya nzima ni kubwa mno kwa sungura asiyejua harufu ya hata ukuta mmoja. Mpe chumba kidogo, au mzungushie wavu kwenye kona ya sebule, humo awe na beseni, maji, majani na boksi la kujifichia. Akishinda siku kadhaa mfululizo bila kukojoa nje ya beseni, mwongezee eneo. Akianza kukosea, mrudishe kwenye eneo dogo bila kelele, uanze tena. Eneo likiwa kubwa, weka beseni la pili, kwa sababu sungura aliyebanwa hatasafiri kutoka sebuleni hadi chumba cha nyuma.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, kona haichaguliwi na mtu. Ukiona anakojoa kila mara kwenye kona usiyoitaka, hamishia beseni huko. Ukilazimisha, mtavutana na utashindwa. La pili ni sakafu. Kimara tulikuwa na saruji tupu, na Kashata alitembea atakavyo. Dodoma tukakuta marumaru. Nyayo za sungura zina manyoya chini, hazina vikanyagio laini kama vya paka, kwa hiyo juu ya marumaru miguu ilimtawanyika kila alipotaka kukimbia. Beseni lilikuwa upande wa pili wa sebule na alikuwa analiona, ila hakuthubutu kuvuka. Tulipotandaza vipande vya zulia kuukuu, kimoja baada ya kingine mpaka kwenye beseni, tatizo likaisha.

5. Majani ya kula yakae kwenye choo

Hili huwashangaza wageni. Sungura hupenda kutafuna huku akijisaidia, kwa hiyo tundika majani makavu juu ya beseni au yarundike upande mmoja ndani yake, na atakaa humo kwa hiari yake. Majani makavu, ambayo wafugaji wa ng'ombe huyaita hei, ndiyo sehemu kubwa ya chakula chake kila siku. Yanasukuma utumbo na kusaga meno, ambayo hayaachi kukua maisha yake yote. Mchicha, matembele na majani ya karoti ni nyongeza.

Chini ya beseni tunatandika gazeti, kisha tabaka la majani makavu. Maranda ya kwa mafundi seremala yana mtihani wake, kwani yale mabichi ya msonobari, yenye harufu kali ya mbao, hayafai. Harufu hiyo humsumbua sungura njia ya hewa na hata ini. Mchanga wa choo cha paka, ule unaogandamana ukilowa, uache kabisa. Sungura hutafuna kila kinachomgusa mdomo, na ukimgandamania tumboni hapiti salama.

6. Vinyesi vilivyotawanyika ni salamu, mkojo ni hoja

Wiki za mwanzo katika nyumba mpya, utaokota vinyesi vikavu vya duara hapa na pale: mlangoni, kando ya kochi, chini ya meza. Huyo anaweka mipaka. Utamwona pia anasugua kidevu kwenye miguu ya viti, maana chini ya kidevu ana tezi zinazoacha harufu ambayo sisi hatuisikii. Vinyesi hivyo havinuki wala haviachi doa. Viokote kwa karatasi, uvirudishe kwenye beseni ili harufu irudi pale inapotakiwa, kisha vuta subira. Eneo likishakuwa lake, hupungua vyenyewe.

Mkojo nje ya beseni ni habari nyingine. Dimbwi likiwa moja kwenye kona moja, anakuomba beseni pale. Yakiwa sehemu nyingi, eneo ulilompa bado ni kubwa. Akikojoa juu ya kochi au kitanda, mfungie nafasi hiyo kwanza, kwa sababu kitu laini kinachonyonya kinamvutia, na kikishakuwa na harufu yake atakirudia.

Kumpiga au kumfokea hakusaidii. Hatauunganisha ukali wako na mkojo, atauunganisha na wewe. Atakachofanya ni kupiga kishindo kwa miguu ya nyuma, kujificha, na kusubiri utoke ndipo akojoe.

Kuna kinyesi cha aina ya pili: laini, cheusi, kilichoshikana kama kichala. Hicho sungura hukila mwenyewe moja kwa moja kutoka kwenye makalio, mara nyingi usiku, maana kina virutubisho ambavyo utumbo haukuwahi kuvinyonya awamu ya kwanza. Ukikikuta kimesagika sakafuni mara kwa mara, usimlaumu kwa choo. Tazama anakula nini, maana mara nyingi sababu ni vyakula vya wanga kuzidi majani, au unene unaomzuia kujifikia.

7. Siki kabla ya sabuni

Mkojo wa sungura huwa mzito na wenye ukungu mweupe. Wanyama wengi hunyonya madini ya kalisi kwa kadiri mwili unavyohitaji, lakini sungura hunyonya kwa wingi kisha ziada huitoa kwa mkojo. Ukikauka huacha gaga jeupe ambalo sabuni hailitoi. Siki nyeupe hulitoa, kwa kuwa tindikali yake huyeyusha kalisi. Imimine kwenye doa au chini ya beseni, iache kidogo, kisha sugua na suuza.

Dawa za klorini za kusafishia vyoo zikae mbali na kazi hii. Klorini ikikutana na siki, au na mkojo wenye amonia, hutoa hewa ya sumu, na chumba kidogo chenye dirisha moja si mahali pa kujaribia.

Nyumba ya kupanga ina harufu za waliotangulia. Kama aliyekuwepo alifuga paka au mbwa, pua ya sungura itajua hata kama kuta zimepakwa rangi upya. Sugua sakafu kwa siki kabla ya kumleta, hasa kwenye kona.

8. Ujana una sauti kubwa kuliko beseni

Sungura anaanza kubalehe akiwa na miezi mitatu hadi sita. Aliyekuwa akitumia beseni vizuri anaanza kurusha mkojo ukutani na kukuzunguka miguuni. Kama kuhama kumeangukia hapo, utalaumu nyumba bure.

Dume huhasiwa, jike huondolewa kizazi, na baada ya wiki kadhaa homoni zikitulia, choo hutulia pia. Kwa jike kuna faida kubwa zaidi ya usafi, kwa sababu saratani ya mfuko wa uzazi huwapata sana majike wasiofanyiwa upasuaji kadiri umri unavyosonga. Madume hufanyiwa kuanzia miezi minne hivi, majike mitano au sita.

Chagua daktari kwa makini. Madaktari wetu wa mifugo, ambao wengi wamepitia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pale Morogoro, siku zao nyingi huishia kwa ng'ombe, kuku na mbwa. Muulize wazi kama amewahi kumpiga sungura nusukaputi. Akikwambia umshindishe njaa kabla ya upasuaji kama mbwa, tafuta mwingine. Tena panga upasuaji na kuhama visikutane. Mshtuko mmoja kwa wakati mmoja unamtosha.

9. Nyumba ya likizo iwe na beseni pacha

Kwa mama mkwe Morogoro tumeacha beseni la umbo na kina kilekile, na linakaa kona ileile kila likizo. Watoto wanabeba kimfuko cha karatasi chenye majani yaliyotumika, wanayamwaga humo kabla ya kumfungulia Kashata. Taulo lake la kulalia huenda naye bila kufuliwa. Kwa kuwa harufu ya safari iliyopita haifutiki yote, kila mara anazoea upesi kuliko mara iliyotangulia. Sungura anayekwenda na kurudi kati ya nyumba mbili zisizobadilika hana shida kubwa. Anayesumbuka ni yule anayekuta kila kitu kimehamishwa kila anaporudi.

10. Mwenye nyumba ajue kabla ya mkataba

Mwambie dalali mapema, tena amweleze mwenye nyumba kwamba sungura anaishi ndani na ana choo. Wengi wakisikia sungura wanawaza mabanda, nzi na majirani kulalamika. Wa Dodoma alikubali kwa shingo upande, kisha akaja kujionea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, yuko wapi huyo mpangaji wangu wa tatu?"

Alisimama mlangoni akavuta pumzi, akatazama beseni, akamtazama Kashata aliyekuwa anatafuna. "Mbona hakunuki? Na mtamla lini?"

"Huyu haliwi, bibi," binti yangu akawahi.

Alicheka, lakini alipoona tunavyomwaga beseni akaacha kucheka, akaomba ndoo. Kinyesi cha sungura kinaweza kwenda bustanini moja kwa moja bila kuivishwa kwanza, tofauti na cha kuku kinachounguza miche, na wakulima wengi siku hizi huchanganya mkojo wa sungura na maji wakanyunyizia mboga. Tangu hapo beseni letu linalisha tuta lake la mchicha, na suala la sungura ndani halijajadiliwa tena.

11. Beseni ndilo linalokupa habari za kwanza

Msukosuko wa kuhama unaweza kumfanya sungura aache kula, na asipokula utumbo wake husimama. Dalili huonekana chooni kabla ya kwingine: vinyesi vinapungua, vinakuwa vidogo na vigumu, au vinaungana kwa nyuzi za manyoya. Sungura aliyepitisha nusu siku bila kula wala kutoa choo apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, asisubiri asubuhi.

Mkojo wa rangi ya chungwa au mwekundu si lazima uwe damu, kwani majani mengine huupaka rangi. Ila akijikamua, akitoa matone tu, au akilowa sehemu za nyuma, hilo ni la hospitali. Vivyo hivyo kwa sungura aliyekwisha kuzoea nyumba, kisha ghafla akaacha beseni bila sababu inayoonekana. Huenda njia ya mkojo inamuuma, au uzee umemkaza viungo na ukingo wa beseni umekuwa mrefu. Kwa mzee, kata upande mmoja wa beseni apate pa kuingilia.

Ndiyo maana siku hizi tukienda kuangalia nyumba ya kupanga, kabla hata sijauliza maji yanatoka siku gani, namuuliza dalali daktari wa mifugo wa karibu yuko wapi, na kama anatibu sungura.